Raba, plastiki au alumini chini ya injini ya Datsun ya mashindano?

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia Datsun 1600SSS aliyokuwa akiishindania zamani. Nimeileta hapa Malindi niifufue, nataka kuiingiza kwenye mashindano ya magari ya kale. Raba za kubebea injini zimechoka, moja imekatika kabisa. Kuna duka Mombasa linaniuzia bushi za poliyurethani, ile plastiki ngumu. Rafiki yangu mkerezaji anataka kunitengenezea za alumini, eti magari ya mbio hayatumii raba. Fundi wetu wa mtaani anasema nirudishe raba tu. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu. Msikilize fundi wa mtaani, lakini usimsikilize mpaka mwisho. Raba ndiyo jibu, ila isiwe raba laini ileile iliyotoka na gari la kupelekea watoto shule. Tafuta iliyo ngumu kidogo, na uiongezee kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekutajia: kizuizi cha kuikamata injini siku raba itakapokatika. Hela uliyopanga kununulia plastiki, itie kwenye hicho kizuizi.

Tuanze na ile iliyokatika. Nabashiri ni ya kushoto. Hukusema, lakini nimefungua magari mengi na sioni sababu ya lako kuwa tofauti. Ukisimama mbele ya gari, injini hiyo huzungusha kranki kwa mwendo wa saa. Kila kranki inaposukuma upande mmoja, bloku nalo husukumwa upande wa pili, kwa hiyo ukikanyaga mafuta upande wa kushoto wa gari, wa abiria kwetu, hutaka kunyanyuka na wa kulia hukandamizwa. Sasa chukua kalamu. Tuseme injini yako inatoa mnyongo, yaani nguvu ya kuzungusha, wa niutoni-mita 130 na gia ya kwanza inazidisha mara 3.3. Hapo giaboksi linasukuma shafti kwa niutoni-mita 430 hivi, na injini na giaboksi kwa pamoja zinapokea mnyongo huohuo kinyume. Kama mauntingi mbili za mbele (hizo raba za kubebea injini) zimeachana sentimita 40, kila moja inapata nguvu ya niutoni 1,070 na ushee, yaani kama uzito wa kilo 109. Injini na giaboksi tuseme zina kilo 180, na kila mauntingi ya mbele inabeba kama 60. Ya kulia inafikia kilo 169. Ya kushoto, 60 kutoa 109, haibebi tena, inavutwa juu kwa karibu kilo 50. Na hapo umeachia klachi kwa adabu. Ukiiachia ghafla, hiyo 109 izidishe mara mbili, na ya kushoto itavutwa juu kwa karibu kilo 158.

Raba hupenda kukandamizwa, kuvutwa haipendi. Ikivutwa, hewa yenye ozoni hufungua nyufa ndogondogo juu yake, na ufa ukishaanza unajiendea wenyewe. Kwenye injini yako ya L16 kuna balaa la pili: kabureta na ekzosi zote ziko upande huohuo wa kushoto. Mauntingi inayovutwa ndiyo hiyohiyo inayopikwa. Basi kabla hujachagua bushi yoyote, kata bati la alumini, uliweke kati ya ekzosi na mauntingi, uache nafasi ya sentimita moja au zaidi hewa ipite. Bati hilo ni bei ya soda mbili na linarefusha maisha ya raba kuliko jina lolote zuri la duka.

Sasa hao wanaosema magari ya mbio hayana raba. Hawasemi uongo. Mwaka 1967 Lotus 49, gari la Formula One, ilipoingia uwanjani Zandvoort, Uholanzi, na Jim Clark akashinda nayo mara ya kwanza tu, injini yake ya Cosworth ilikuwa imefungwa kwa boliti moja kwa moja, na matairi ya nyuma yananing'inia kwenye injini yenyewe. Hapakuwa na bushi kwa sababu injini ilikuwa ndiyo fremu. Lakini mbio ile ilikwisha kwa muda wa saa mbili na ushee, kwenye lami. Datsun 1600SSS iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ilikwenda siku kadhaa, maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Wewe umerithi ndugu ya hii ya pili. Ukitaka kuiga, iga jamaa zako.

Kuna jambo moja rafiki yako mkerezaji hajaliwaza, nalo ndilo kiini cha jibu hili. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina mtikisiko wa asili ambao huwezi kuuondoa kwa kusawazisha kranki. Pistoni mbili zikiwa juu na mbili chini, zinazopanda na zinazoshuka hazilingani mwendo katikati ya safari zao, kwa hiyo injini nzima hurushwa juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko. Injini ya silinda sita mstari mmoja haina ugonjwa huu, inajisawazisha yenyewe. Ndiyo maana mwenye Datsun 240Z anaweza kufunga bushi ngumu akakaa raha mustarehe, akakwambia "funga tu, sioni tatizo." Ni kweli haoni. Gari lake lina silinda sita. Usichukue dawa ya mwenzako bila kuuliza anaumwa nini.

Mtikisiko huu unahesabika. Injini ikinguruma gari limesimama, mizunguko 800 kwa dakika, inapiga mara 26 hadi 27 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 3,000 inapiga mara 100. Na injini ikikaa juu ya bushi ni kama mtoto kwenye bembea, ina mwendo wake inaoupenda. Ukiisukuma kwa mwendo huohuo, inapagawa. Ukiisukuma haraka zaidi, zaidi ya mara 1.4 ya mwendo wake, inaanza kutulia na mwili wa gari hausikii sana.

Kuujua mwendo wa injini yako hakuhitaji maabara. Ishushe injini taratibu juu ya mauntingi, pima kwa vernia raba imelala milimita ngapi kutokana na uzito. Chukua 15.8 ugawe kwa mzizi wa pili wa hizo milimita. Ikilala milimita 4, ni mara 8 kwa sekunde, laini kama godoro. Ikilala milimita 1, ni kama mara 16. Ikilala robo milimita, ambayo ndiyo hali ya plastiki ngumu, ni mara 31 na nusu. Zidisha hiyo kwa 60 ugawe kwa 2, unapata mizunguko 945 kwa dakika. Umeona ilipoangukia? Palepale injini yako inaponguruma ukisubiri zamu ya kuanza. Bushi ngumu haijaupitisha mtikisiko tu, imeusogeza mpaka mahali unapoukalia. (Raba ikitikiswa haraka huwa ngumu kuliko ikibanwa polepole, kwa hiyo hesabu halisi hupanda kidogo juu ya hii. Acha nafasi.)

Kwa gari lako ningelenga milimita moja hivi ya kulala, na ningepandisha ngurumo ya kusimama mpaka mizunguko 1,000, ambayo magari ya mashindano huipenda hata hivyo. Kufika hapo, kwa raba za umbo la zamani, kwa kawaida unahitaji ugumu wa 65 hadi 70 kwa kipimo cha Shore A. Za magari ya kawaida huwa 50 hadi 60. Kama huna kipimo, bonyeza kwa ukucha ukilinganisha na raba ya juu ya tairi, ambayo huwa 60 hadi 70. Si sayansi, lakini ukucha wangu umenitosha miaka mingi.

Poliyurethani haina ubaya wa kuzaliwa nao. Imekuwepo tangu Otto Bayer na wenzake walipoivumbua Ujerumani mwaka 1937, na ina kazi zake nzuri: haiogopi mafuta ya injini, haipasuki kwa ozoni, na bushi zake nyingi hufungwa kwa boliti inayopita katikati na plastiki juu na chini, kwa hiyo hata ikivutwa upande mmoja, upande wa pili unakandamizwa. Hilo la mwisho naliheshimu sana. Lakini zinazouzwa kwa injini mara nyingi huwa na ugumu wa 80 hadi 95, na umeona hesabu. Halafu kuna aina mbili ambazo muuzaji huwa hakuambii. Moja inatokana na esta, nyingine na etha. Ile ya esta huliwa na unyevu wa moto: maji yanaivunja ndani kwa ndani mpaka siku moja inabomoka kama jibini. Hapa kwetu, mwezi wa tano mvua inapiga na jasho halikauki, sitaiweka ya esta chini ya boneti hata bure. Uliza. Muuzaji akikutazama kama umemuuliza habari za mizimu, rudi nyumbani.

Ukija kuinunua kwa kazi nyingine, tuseme kwenye mikono ya saspensheni, angalia kile kibomba cha chuma cha katikati. Lazima kizidi plastiki kwa urefu kidogo, nusu milimita hivi, ili boliti ibane chuma na si plastiki. Nimezikuta fupi. Boliti inabana plastiki, plastiki inalegea kwa joto, boliti inalegea nayo, na mteja anarudi akilalamika spana ya fundi haina nguvu.

Nailoni, sahau. Nailoni hunywa maji ya hewani na kuvimba. Ukiikereza sawasawa wakati wa kaskazi kavu, masika itabana. Delrini, plastiki nyingine ya kukereza, haivimbi hivyo na inakerezeka vizuri kama siagi, lakini ni ngumu karibu na chuma kwa kazi hii. Kazi yake ni pale kitu kinapozunguka, si pale kitu kinapotikisika.

Alumini nayo nina kisa nayo, na kosa lilikuwa langu. Miaka ya tisini nilimfungia bwana mmoja vipande vya alumini kwenye Ford Escort ya silinda nne. Niliona fahari, kazi ilikuwa safi kama pete. Tukaijaribu njia ya Kakuyuni. Ukikanyaga mafuta, gari linaitika hapohapo, hakuna kuchelewa, na mteja anacheka peke yake. Wiki ya tatu rejeta ikaanza kuvuja kwenye viungo vyake vilivyoungwa kwa risasi. Tukaziba. Kisha mishale ya saa za dashibodi ikawa inacheza kama ina homa. Mwisho mkono wa chuma uliochomelewa kwenye krosimemba, lile boriti linalokingama chini ya injini, ukapasuka pembeni mwa weldi, na sikuujua mpaka nilipoufuta grisi. Mwili wa gari lile ulikuwa ndio umegeuka bushi. Mtikisiko haukupotea, ulihamia mahali ambapo chuma kilikuwa chembamba. Ongeza chumvi yetu: alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya bahari, alumini huliwa, na baada ya kusi moja vipande vile vilikuwa na unga mweupe na mashimo. Sikumtoza tena yule bwana kwa kazi ya kurudisha raba. Nilikula wa chuya.

Wengine watakwambia bushi ngumu huyafanya mafuta yatoe povu kwenye kabureta na injini ikakohoa. Povu lipo, ila si la bushi. Kabureta imefungwa juu ya injini, inatikisika na injini hata ukiilaza injini juu ya pamba. Dawa ya povu ni raba kati ya kabureta na manifoldi.

Turudi kwenye raba, tuichague vizuri. Raba asilia ndiyo inayovumilia kutikiswa mamilioni ya mara bila kuchoka wala kupata moto ndani, na ndiyo iliyo kwenye mauntingi nyingi. Adui zake ni mafuta na joto. Injini ya umri huu haikosi kuvuja, basi badilisha gasketi ya kava ya valvu kwanza. Raba iliyolowa mafuta huvimba, inalainika, na gundi inayoishika na chuma huachia. Ukipata za kloroprini, ambayo madukani huitwa neoprini, zinavumilia mafuta kiasi na ozoni vizuri, zinatufaa sisi wa pwani. Naitrili inacheka na mafuta lakini ozoni inaiua.

Usikubali "mpya ya zamani", ile iliyokaa kwenye boksi la kiwanda tangu miaka ya sabini. Boksi ni zuri la kuweka kabatini. Raba ndani yake imezeeka ikiwa imelala.

Na usikubali mtu akukatie mkanda wa mashine, kama ile ya viwanda vya chumvi kule Gongoni, akaubana kati ya bati mbili. Mimi hufanya hivyo kwenye injini ya jenereta, na hata mashua moja au mbili zimewahi kuvua msimu mzima kwa dawa hiyo. Lakini mauntingi ya kweli raba yake imepikwa pamoja na chuma, chini ya moto na mgandamizo, mpaka vikawa kitu kimoja. Inapotikisika, raba ndiyo inayojinyonga ndani yake, hakuna kinachosuguana na kingine. Mkanda uliobanwa na boliti unasuguana, na upande unaovutwa unabebwa na boliti peke yake.

Giaboksi ndipo watu wengi wanapoharibu. Wakishabadilisha za mbele kwa raba, wanaona hela imebaki, wanafunga ya nyuma plastiki ngumu "ili gia zisichezecheze". Injini mbele inanyongwa kulia na kushoto, nyuma imeshikwa kama kwenye jiriwa. Mnyongo wote unaishia kwenye mkia wa giaboksi, ambao ni wa alumini, na hupasuka. Ya nyuma isiwe ngumu kuliko za mbele. Gia zikichezacheza, angalia bushi ndogo chini ya mkono wa gia, hiyo ifunge hata Delrini, hapo ndipo mahali pake.

Kizuizi sasa. Desemba 1971 General Motors ililazimika kuita Chevrolet karibu milioni 6.7 za miaka ya 1965 hadi 1969. Mauntingi zilikuwa zikikatika, injini inanyanyuka, na ikinyanyuka inavuta nyenzo za mafuta, gari linaongeza mwendo lenyewe. Dawa waliyofunga haikuwa raba bora. Ilikuwa kamba ya waya ya kuizuia injini isipande. Wewe una silinda nne tu, lakini una ile hesabu ya kilo 50, nayo itazidi mara tatu siku utakapoachia klachi ghafla. Funga mnyororo mfupi au mkono wa chuma upande wa kushoto, kutoka kwenye bloku hadi kwenye boriti la fremu, ulegee kiasi cha milimita 8 hadi 10. Ukikaza sana umefunga alumini kwa jina lingine. Ukilegeza sana feni itafika kwenye rejeta kabla mnyororo haujafika mwisho, basi pima nafasi ya feni kwanza, kisha amua urefu. Waya wa mafuta nao uachie ulegevu wa kutosha.

Kabla ya kufunga chochote kizito au kigeni, soma kanuni za mashindano unayoyaendea. Za kimataifa za magari ya kihistoria, kwenye Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinataka gari lifanane na lilivyokuwa enzi zake. Mauntingi yenye umbo la kiwandani haitakuletea maswali mbele ya mkaguzi. Kipande cha alumini kinachong'aa kinaweza kukuletea.

Ukimaliza kufunga, paka rangi nyeupe kwenye ncha za feni, na doa lingine kwenye sampu, ile karai ya oili chini ya injini, pale inapokaribia krosimemba. Kaza boliti za mauntingi gari likiwa chini kwenye matairi yake, injini imekaa na imetulia, si ikiwa bado inaning'inia kwenye cheni. Endesha mpaka Marafa na kurudi, uipeleke vibaya kidogo kwenye vile vimawimbi vya njiani, uanze mara kadhaa kwa gia ya kwanza kwa nguvu. Ukifika, usiikimbilie chai. Fungua boneti injini ikiwa bado ya moto, kaza boliti tena, kisha utazame ile rangi imehamia wapi.